Rush bila Neil Peart: jina liendelee au lingepumzishwa?

Mleta mada

Wakuu, najua wapenzi wa roki humu ndani ni wa kuhesabu, lakini hili limenikaa kooni. Oktoba 2025 Geddy Lee, mwimbaji na mpiga besi, na Alex Lifeson, mpiga gitaa, walitangaza kwamba Rush, bendi yao ya Toronto, inarudi jukwaani mwaka 2026. Kiti cha dramu amepewa Anika Nilles, dada wa Kijerumani aliyewahi kupiga na mpiga gitaa Jeff Beck. Neil Peart, aliyekikalia tangu Julai 1974, alifariki Januari 2020 kwa saratani ya ubongo akiwa na miaka 67.

Sibishi kuhusu uwezo wa Nilles, mtafuteni mtandaoni mjionee. Ninachobishia ni jina. Peart hakuwa mpiga dramu wa kukodi. Kuanzia albamu ya 1975, mashairi ya bendi karibu yote yalitoka kwenye kalamu yake. Lee akifungua mdomo, anaimba maneno ya Peart. Kuna bendi ngapi duniani ambazo fikra za mwimbaji zinatoka kwa mtu aliyejificha nyuma ya matoazi? Halafu Lifeson mwenyewe Januari 2018 alishasema mambo yamekwisha. Wangejitangaza kama Lee na Lifeson, wakapiga nyimbo zilezile, mimi nisingekuwa na neno. Karibuni, bila matusi.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeanza hadithi katikati. Rush ilianza 1968. Albamu ya kwanza, ya 1974, dramu alipiga John Rutsey. Peart aliingia wiki mbili tu kabla ya ziara yao ya kwanza Marekani. Jina alilikuta. Wenye jina ni hao wawili waliokua pamoja tangu shule, na wote wako hai. Zaidi ya hapo, mjane wa Peart na binti yake wameibariki ziara hii hadharani. Familia imeridhika, sisi wa huku tunatoa povu la nini?

Mchangiaji wa pili (Mombasa)

Ndugu yangu, Rutsey alipiga albamu moja, tusimtumie kama rungu. Rush inayojulikana ni ile ya Peart. Chukua ule wimbo wao usio na maneno, uliopewa herufi za uwanja wa ndege wa Toronto, YYZ, kwenye albamu ya 1981. Mwanzo wake ni herufi hizo zikipigwa kwa mdundo wa Morse, zile alama za simu ya upepo: ndefu, fupi, ndefu, ndefu, tena vivyo hivyo, kisha ndefu mbili na fupi mbili. Ukihesabu unapata mapigo matano kwenye mzunguko, si manne uliyoyazoea, ndiyo maana mguu wako unakosa pa kukanyaga. Peart anaanza kwa kugonga visahani vidogo vya shaba, bendi inamfuata. Pale dramu ndiyo inayoongoza.

Led Zeppelin walipofiwa na mpiga dramu wao, John Bonham, Septemba 1980, kufika Desemba walikuwa wameshafunga duka. Bendi ya The Who wakafanya kinyume: mpiga dramu wao Keith Moon alikufa 1978, wakamleta Kenney Jones, wakaendelea. Niambieni nani leo anaheshimika zaidi kwa uamuzi wake.

Mchangiaji wa tatu

Wote wawili wanaheshimika, mkuu, hapo umejifunga mwenyewe.

Mimi napiga dramu kanisani, kwa hiyo naongea kwa upande wa viti vyetu. Kinachonishangaza kwa Peart si ukubwa wa seti yake, ingawa ilimzunguka pande zote kama kibanda. Miaka ya tisini, tayari akiwa jina kubwa kabisa, alikwenda kwa mwalimu mzee, Freddie Gruber, akaanza upya. Alibadili hata namna ya kushika kijiti cha mkono wa kushoto. Akiwa na miaka zaidi ya 50 akaenda tena kwa mpiga dramu Peter Erskine kujifunza jazi. Mtu wa aina hiyo hawezi kuwa sababu ya kuzuia wenzake wasipige na mtu mpya. Kabla ya haya, mwaka 1988, alikuwa Kamerun juu ya baiskeli, na safari hiyo akaiandikia kitabu. Huyu alikuwa mwanafunzi wa maisha yote.

Mleta mada

Mchangiaji wa tatu, nakuelewa, lakini Peart kujifunza upya ni jambo moja, na Rush kumpata mwingine ni jambo jingine. Na hapa mnasahau 1997. Agosti mwaka ule binti yake, Selena, alikufa kwa ajali ya gari. Miezi kumi baadaye mkewe naye akafa kwa saratani. Peart aliwaambia wenzake wamhesabu amestaafu, akapanda pikipiki akapotea barabarani. Lee na Lifeson hawakutafuta mtu wa kuziba. Walikaa mpaka alipokuwa tayari, albamu ikatoka 2002. Kipimo hicho waliweka wao, si mimi.

Mchangiaji wa kwanza

Walimsubiri kwa sababu alikuwa na uwezekano wa kurudi. Safari hii wamsubiri nani? Lifeson na Lee wamevuka 70. Septemba 2022 walipiga London na Los Angeles kwenye kumbukumbu ya Taylor Hawkins, marehemu mpiga dramu wa Foo Fighters, wapiga dramu wakipokezana, na hakuna aliyesema wamekufuru.

Mleta mada

Pale hawakuuza tiketi kwa jina la Rush. Ndiyo hoja yangu tangu mwanzo.

Na mahali penyewe: ziara imepangwa kuanzia ukumbi wa Forum, Los Angeles, uleule wa onyesho lao la mwisho na Peart, Agosti 1, 2015. Usiku ule Peart, mabega na misuli vikiwa vimechoka, alitoka nyuma ya dramu akaja mbele kuwakumbatia wenzake, kitu ambacho hakuwahi kukifanya miaka 40. Alifunga mambo mwenyewe, kwa miguu yake. Basi nijibuni hili, hasa wewe wa kanisani: ikifika sehemu ya solo, pale dramu inapopigwa peke yake, Nilles apige ya kwake, apige ya Peart, au iondolewe kabisa?

Mchangiaji wa tatu

Ya kwake. Akinakili ya Peart hata mimi nitahamia upande wako.