Lisbon kwa mara ya kwanza: Alfama, Belém au Sintra?

Mpitanjia:
Wakuu, salaam. Mimi na bi mkubwa tunapitia Lisbon mwezi wa tano, tutakuwa na Jumapili na Jumatatu tu. Hatujawahi kufika. Naona ushauri umegawanyika: mtaa wa kale wa Alfama na ngome ya São Jorge, mtaa wa Belém kwenye mambo ya Vasco da Gama, au treni hadi Sintra kuangalia makasri. Mama magoti yanamsumbua, ila kutembea anapenda. Mngechagua wapi?

Kidampo:
Sintra, usiulize mara mbili. Treni unapandia stesheni ya Rossio, katikati ya mji, dakika 40 hivi umefika. Kasri la Pena jekundu na njano liko juu ya kilima, picha zake zinajipiga zenyewe. Makanisa ya kale utayakuta mji wowote Ulaya.

Shangazi wa Tanga:
Kidampo, hujasoma kwamba mama ana magoti? Tiketi ya Pena ina saa yake ya kuingia, na ukishavuka geti bado kuna mlima wa kupanda kabla ya mlango wa kasri. Foleni ya basi nayo ipo. Siku nzima inaliwa.

Mwanangu Mpitanjia, nenda Alfama. Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko, mawimbi na moto viliangamiza sehemu kubwa ya Lisbon. Baixa, kule bondeni penye mitaa iliyonyooka, ilijengwa upya baada ya hapo chini ya Marquês de Pombal, waziri wa mfalme. Alfama ilibaki na vichochoro vyake vya tangu enzi za watawala Waislamu, kabla Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, hajauteka mji mwaka 1147. Aliyezoea Mji Mkongwe wa Unguja atajiona nyumbani: njia inabana, inakata kona, mara unatokea mahali peupe na mto Tejo wote uko chini yako.

Siri ni hii: panda kwa gari, shuka kwa miguu. Basi namba 737 linatoka Praça da Figueira hadi karibu na lango la ngome. Kuteremka ni polepole, mnapumzika Portas do Sol, kiwanja cha kutazama mandhari. Vaeni viatu vya soli ya mpira, yale mawe ya njiani yanateleza. Tramu 28 ni nzuri kwa macho, lakini hujaa, na vibaka wanaijua kuliko mimi.

Mjukuu wa Kilwa:
Naheshimu Alfama, shangazi, ila kwa mtu wa pwani yetu naona Belém inatangulia. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa 1501, na sehemu ya gharama ilitoka kwenye ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki. Kaburi la Vasco da Gama liko ndani ya kanisa lake.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1502 huyo huyo alitia nanga Kilwa na meli za kivita, akamlazimisha mtawala wa huko, Amiri Ibrahim, kutoa dhahabu kama kodi. Ilipofika Ureno, mfalme Manuel wa Kwanza akaagiza ifuliwe chombo cha ibada kwa ajili ya monasteri hiyo, kikakamilika 1506. Wanakiita Custódia de Belém. Kiko Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya sanaa ya kale, upande wa Janelas Verdes, kati ya Baixa na Belém. Wakati fundi anamalizia kazi yake, Kilwa yenyewe ilikuwa imeshaporwa na kamanda Mreno Francisco de Almeida, 1505.

Kidampo:
Yaani mtu akate tiketi akaangalie mali ya babu zake kwenye kabati la kioo?

Mjukuu wa Kilwa:
Ndiyo. Na aiangalie vizuri.

Bwana Ratiba:
Mnabishana na kalenda hamjaitazama. Jerónimos na makumbusho hiyo hufungwa Jumatatu. Ngome ya São Jorge iko wazi. Kwa hiyo Jumapili asubuhi makumbusho, maana kanisani kuna misa. Mchana tramu 15 hadi Belém, huko ni tambarare. Jumatatu Alfama kwa njia ya shangazi. Pitieni tovuti zao kwanza, majengo haya ya kale hayaishi ukarabati.

Mpenda Soka:
Na mwanasoka Eusébio je? Mzaliwa wa Msumbiji, tangu 2015 amelazwa Panteão Nacional, jengo la makaburi ya watu mashuhuri wa Ureno, hapo hapo pembeni ya Alfama.

Bwana Ratiba:
Panteão nayo Jumatatu imefungwa, mkuu. Atamsalimia kwa nje.

Mpitanjia:
Asanteni sana. Nimemsomea mama, ameshika la Kilwa, Sintra hataki hata kuisikia. Anauliza chakula cha halali.

Shangazi wa Tanga:
Martim Moniz na vichochoro vya Mouraria, chini ya ngome. Wahindi, Wapakistani na Wabangladeshi wamejaa, biriani haikosekani. Vile vitamu vya Belém vinavyopikwa tangu 1837, msisimame foleni ya barabarani: ingieni ndani, kuna kumbi na viti tele, mama apumzishe magoti.