Tupeane uzoefu: Maneno ya tahadhari kwenye maandishi ya Kiingereza

Mhariri wa Nakuru: Wadau, nahariri ripoti za miradi. Waandishi wangu ama wanaapa kama wako kizimbani, ama wanajificha kabisa. Juzi nimeletewa "it may possibly appear to suggest". Shaka nne kwa mpigo! Nikabakisha "suggests", maana ushahidi ulikuwepo, ila mdogo. Nyinyi mnafanyaje?

Ngege wa Dunga: Tasnifu yangu ilihusu gugu maji la Ziwa Victoria na samaki wanaoletwa ufukweni. Msimamizi alitaka niandike kwamba gugu "reduces" samaki. Nikamkatalia kwa heshima. Gugu likifunga ufuo, boti hazitoki. Sasa mizani ikionyesha kilo chache, ni samaki wamepungua au ni wavuvi hawakuingia majini? Nikaandika "was associated with", na sababu nikaiweka kwenye sentensi iliyofuata. Siku ya kutetea, mtahini wa nje alianzia hapohapo. Jibu lilikuwa limeshaandikwa.

Mwalimu, Kakamega: Wangu wanapenda "it is believed". Nawauliza, nani anaamini? Kama ni jirani yako, sema ni jirani. "Inasemekana" yetu ina ugonjwa uleule.

Ripota wa Kisumu: Sisi wa mahakamani "allegedly" ndiyo chumvi yetu. Mtu hajahukumiwa, ni mshukiwa, basi. Lakini vijana wa mazoezi huimwaga kila mahali. Kesi moja ya wizi wa mifugo, mmoja akaniletea "the alleged cow". Ng'ombe mwenyewe kafungwa nje ya kituo cha polisi, analia! Kinachodaiwa ni wizi, ng'ombe yupo. Na msidhani neno hilo ni kinga: ukirudia kashfa ya mtu ukaitanguliza "allegedly", bado unaweza kushtakiwa.

Mhariri wa Nakuru: Huyo ng'ombe kanimaliza 😂 Wa hali ya hewa hawapo humu?

Njoro Juu: Nipo. Nawafafanulia wakulima ripoti za tabianchi. Kwa IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, "likely" si pambo: ni uwezekano wa asilimia 66 kwenda juu, na "very likely" ni 90 kwenda juu. Zikifika kijijini zote mbili zimegeuka "huenda", na mkulima wa viazi akisikia "huenda" anasikia pata potea. Mimi huiandika asilimia yenyewe kando ya neno. Kuna wanaosema inawachanganya watu. Hawa watu wanapiga hesabu ya mbolea na riba ya chama kila msimu, 66 itawashinda?