Mdogo wangu kapewa siku 15 kizuizini: habeas corpus tunaiandika vipi?

Mwana_wa_Katuba: Jamani, nisaidieni leo hii. Mdogo wangu anaendesha pikipiki ya mtu hapa Lubumbashi. Mwenye pikipiki alimshitaki kwamba amekula pesa yake. Alilala siku nne kwenye kituo cha polisi ndipo akapelekwa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, na jana jaji wa tribinali ya amani akaamuru akae ndani siku 15. Binamu yetu aliye Dar anasema tuandike habeas corpus, yaani ombi la mahakama ichunguze kama kuzuiliwa kwake ni halali, kwa mahakama ya rufaa. Mama hajala tangu jana, sahani yake iko mezani imefunikwa.

Yaya_Ruashi: Pole sana, ndugu. Siku nne kituoni? Katiba kifungu cha 18 inaruhusu saa 48 tu. Avoka, yaani wakili, ajue hilo.

Karani_wa_zamani: Binamu yako anasema ya kwao, huko ombi hilo hupelekwa Mahakama Kuu. Kwetu Kongo njia ni rufaa ya kawaida: uamuzi wa tribinali ya amani unapandishwa tribinali kuu, TGI. Usipoteze nauli kwenda mahakama ya rufaa. Na muda, mwanangu, ni saa 24 tangu mdogo wako aarifiwe. Nimeona familia zinakuja siku ya tatu na barua nzuri ya kurasa mbili, wanarudi wanalia. Barua ndefu haitakiwi. Rufaa inatamkwa grefi, ofisi ya karani wa mahakama, kwa tribinali iliyoamua au kule juu, karani anaiandika. Aliarifiwa lini?

Mwana_wa_Katuba: Karatasi ninayo, Papa. Chini kuna alama ya dole gumba lake, pembeni wameandika kwa kalamu 14h10, ya jana. Sasa ni saa tatu asubuhi. Avoka hatuna.

Karani_wa_zamani: Basi una saa tano. Nenda baro, chama cha mawakili, ulizia ofisi ya ushauri wa bure, BCG. Nenda na hiyo karatasi yenyewe, usitegemee picha ya simu. Rufaa peke yake haimfungulii mlango, atabaki ndani hadi jaji wa juu aamue. Avoka aseme: kizuizi ni jambo la kipekee, si la kawaida, lazima pawe na dalili nzito za kosa, na kijana ana makao yanayojulikana. Aombe pia aachiwe kwa muda. Jaji akitaka dhamana, mlipe kwa risiti tu.

Yaya_Ruashi: Na rufaa ikishindikana, msikate tamaa. Hizo 15 zikiisha, kumwongezea mwezi lazima jaji aamue tena. Siku hiyo avoka awepo, na mtu wa kuthibitisha anakokaa.

Mwana_wa_Katuba: Niko ndani ya taksibasi. Mama naye amekuja, ameshika karatasi mkononi.

Karani_wa_zamani: Vizuri. Karani akimaliza kuandika rufaa, msiondoke bila nakala yenye muhuri.