Tupeane uzoefu: Ulichaguaje fani yako ya ubingwa, na maandalizi uliyaanza lini?

Mwanzisha mada
Habari zenu wadau. Niko mwaka wa nne udaktari, nimeshaingia wodini, na kila idara ninayopita natamani nibaki hapo hapo. Nikiwa upasuaji naona ndiyo kazi yangu, nikihamia watoto naona ni huko. Mlionitangulia, mlijuaje? Na mlianza kujiandaa mkiwa chuoni au baada ya intani (ule mwaka wa mazoezi kazini baada ya kuhitimu)? Naomba visa vyenu wenyewe, ushauri wa jumla nimeshaupata wa kutosha.

ZamuYaUsiku
Mdogo wangu, mimi ni daktari wa usingizi, fani ambayo sikuiwaza kabisa nilipoanza chuo. Thieta, yaani chumba cha upasuaji, wanafunzi wote hukodolea macho kisu. Siku hiyo daktari wa usingizi akaniita nisimame kichwani kwa mgonjwa. Alipoingiza mpira wa kupumulia akaniambia, oksijeni iache kwanza, tazama mstari wa kabonidayoksaidi kwenye skrini. Mawimbi yakipanda na kushuka kwa kila pumzi, mpira uko kwenye koromeo la hewa. Yasipoonekana, huenda umeingia kwenye umio (njia ya chakula), na kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaweza kuendelea kusoma asilimia 98 kwa dakika kadhaa ilhali mapafu hayapati kitu, kwa sababu mgonjwa alivutishwa oksijeni kabla ya kulazwa usingizi. Fiziolojia niliyoikariri mwaka wa kwanza niliiona ikifanya kazi mbele ya macho yangu. Tangu hapo nikawa naomba kuingia thieta hata siku ambazo sikupangiwa.

Ila usichague kwa tukio moja la kusisimua. Kazi yetu ya kila siku ni kukagua kinywa na shingo, kuuliza mzio, kupima dozi, kisha kukaa macho saa nzima bila jambo lolote kutokea. Hiyo saa nzima naipenda, ndiyo maana nipo.

Mdau wa Magonjwa ya Ndani
Mimi niliupenda upasuaji na bado nikauacha. Niliwauliza marezidenti, yaani madaktari walio bado kwenye mafunzo ya ubingwa, si mabingwa, maana bingwa uchovu ameshausahau. Swali langu lilikuwa moja: siku yako mbaya ikoje? Wa upasuaji walinieleza siku ambazo nisingeziweza kwa miaka. Kwenye kliniki ya kisukari nikakuta mgonjwa anarudi na daftari lake la vipimo, tunarekebisha insulini, anaondoka, anarudi tena. Kumfuatilia mtu yule yule kwa muda mrefu ndiko kulikonibakiza.

Darubini
Patholojia hapa, sisi tunaochunguza tishu za wagonjwa kwa darubini. Wanafunzi wengi hawaipi hata siku moja. Kama unafurahia kutafuta chanzo cha ugonjwa kuliko raundi, kaombe kukaa maabara ukaangalie slaidi. Matibabu ya saratani yanasubiri jibu letu.

NilivukaBahari
Kwa wanaolenga Marekani: anzeni mkiwa chuoni. Leseni ya udaktari huko ina mitihani ya hatua kwa hatua (USMLE). Tangu Januari 2022 ule wa kwanza, Step 1, hautoi tena alama, ni kufaulu au kufeli, kwa hiyo uzito mkubwa umehamia ule wa maarifa ya kitabibu, Step 2 CK. Aliyesoma nje ya Marekani na Kanada anahitaji pia cheti cha ECFMG, taasisi ya huko inayothibitisha sifa za madaktari waliosoma nje. Muda wa mafunzo ya ubingwa nao uupime: magonjwa ya ndani miaka 3, upasuaji wa jumla 5, upasuaji wa ubongo 7. Ukifika kupanga orodha ya programu za mafunzo unazoomba, panga kwa unavyotaka kweli. Mfumo unaowalinganisha waombaji na programu unaanza na chaguo la mwombaji, hivyo kuweka juu programu ngumu hakukupunguzii nafasi kwenye zinazofuata. Nimeona watu wazuri wakijishusha bure, inaniuma.

Mwanzisha mada
Nawashukuru sana. Dk wa usingizi, barua ya mapendekezo uliiombaje? Naona aibu kumfuata bingwa.

ZamuYaUsiku
Niliomba kabla sijatoka kwenye idara, angali ananikumbuka. Nilimuuliza kama anaweza kuniandikia barua nzito, ili kama hawezi apate nafasi ya kukataa. Nikampa wasifu wangu na karatasi moja ya kesi tulizoziona pamoja, na nilichofanya katika kila moja. Kesi anza kuziandika leo, bila majina ya wagonjwa.