Mawe ya Ngazi: tuyarudishe ama tuwaachie wanaoanza?

Mzee_wa_Pancha

Wasee habari zenu. Nina swali na naomba tusitukanane kama ile siku ya helmeti.

Kuna njia yetu ya msituni huku upande wa Ngong, wanaoijua wanaijua, jina siliweki hapa maana Jumamosi watu tayari wamejaa. Katikati ina kipande tunakiita Ngazi, mteremko wa mawe ya asili, urefu wa basi mbili hivi. Ukiingia polepole sana unakwama, ukiingia na spidi ya fujo unaruka ruka mpaka meno yanagongana, na ukibana breki ya mbele pale katikati baiskeli inabaki na wewe unatangulia.

Sasa juzi tumefika tukapata mtu amepita na koleo. Mawe makubwa yameng'olewa yakasukumwa kando, pale katikati pamejazwa mchanga na kifusi, pamekuwa laini kama njia ya mkokoteni. Hakuna aliyekubali ni yeye. Kwenye grupu ya WhatsApp wengine wanasema asante Mungu, wapya watakuwa wengi, wengine wanataka yarudishwe leo leo na huyo mtu atafutwe. Mimi ndio nimewekwa kati kati kwa sababu eti ni mkubwa wa umri.

Swali ni hili, njia ya baiskeli ya mlimani ibadilishwe kumfuata anayeanza, ama anayeanza ndiye ajifunze kuifuata njia? Mimi naegemea kurudisha lakini nataka kusikia kwanza.

TairiMbili

Rudisha mawe, kwisha maneno. Mtu akitaka laini Thika Road iko na njia ya baiskeli pembeni. Akitaka msitu aende Karura, njia pana, kila makutano yana nambari hata ukipotea unapiga simu unasema niko nambari fulani, na baiskeli za kukodisha ziko. Ama aende mbuga ya Hell's Gate kule Naivasha, kutoka Elsa Gate mpaka korongoni ni kama kilomita 8 na karibu yote ni tambarare, kazi yako ni kuangalia pundamilia tu. Wanaoanza wana kila mahali. Sisi tuna Ngazi moja na hiyo pia mnaitaka.

Mimi nilipoanza nilishuka nikabeba. Nikabeba tena na tena. Siku moja nikapita. Hiyo ndio raha yenyewe, ukiisawazisha umetuibia wote, mpaka huyo anayeanza umemwibia siku yake.

GiaMoja_Dada

TairiMbili kaka yangu unaongea hivyo kwa sababu una gari ya kubeba baiskeli. Hell's Gate kwangu ni matatu mpaka Naivasha na konda analipisha baiskeli kama abiria, nikifika getini nalipa tena, kurudi hivyo hivyo. Hiyo "kila mahali" yako ina nauli. Njia ya hapo Ngong naendesha kutoka nyumbani nafika, ndio maana naipenda.

Halafu tuongee ukweli kidogo kuhusu huo ugumu. Baiskeli yangu ni mtumba, imeshuka Mombasa kwenye kontena nikaipata kando ya barabara, foki ni chuma kitupu, breki ni zile za raba zinazobana rimu na zikilowa hazishiki kabisa. Nyinyi mnapita Ngazi na shokomzoba mbele na nyuma, breki za diski za mafuta, siti inashuka ukibonyeza kidude kwenye usukani, alafu mnaniambia nikaze roho. Roho ninayo. Kitu sina ni hiyo baiskeli yako.

Lakini kabla hamjanirukia, huo mchanga si mimi, na wala sikuuomba. Siku ya kwanza kufika pale hakuna aliyeniambia kuna nini mbele, hakuna bango, hakuna hata rangi kwenye mti, natoka kwenye kona nakuta mawe hayo, nikashuka, na aliyekuwa nyuma yangu akanipigia kelele eti nimemharibia laini yake ya kupita. Mngekuwa na njia ya kupita pembeni na kibao kimoja tu mngesikia nani akilalamika kuhusu mawe?

Kitengela_Matope

Nyie mna mawe mnashukuru. Huku kwetu ni udongo mweusi, mvua ikinyesha hakuna anayeanza wala mkongwe, gurudumu linajaa mpaka halizunguki, wote mnabeba baiskeli mabegani. Endeleeni.

JembeNaSururu

Nimesoma wote na naona mnapigania mawe wakati shida ya ile njia si mawe. Mimi ndiye nakuja pale na jembe baada ya masika na kwa kawaida nikiitisha watu wa kusaidia nabaki na wawili, basi leo mnisikize kidogo.

Pale kuna ugumu wa aina mbili na mnauchanganya. Kuna mawe, hayo yalikuwepo kabla ya baiskeli yoyote kufika, mvua haiyasumbui, hayaendi popote. Halafu kuna ule mtaro, juu ya Ngazi na chini yake, ule ambao gurudumu likiingia pedali inagonga ukingo. Huo hakuna aliyeupanga. Umechimbwa na maji kwa sababu njia inashuka wima bila kukatiza kilima, na maji yakishaingia hayana pa kutokea. Udongo wa huku ni ule mwekundu, kiangazi unakuwa unga, mvua ikija unateleza, na kila mtu anayebana breki ya nyuma mpaka gurudumu linaburuzika anaisaidia mvua kuchimba. Wakongwe mnaupita huo mtaro mnasema njia ni teknikali. Huo si ugumu jamani, ni uchakavu. Ukizibwa hakuna aliyeibiwa chochote.

Wajenzi wa njia wana kanuni ya nusu. Mwinamo wa njia usizidi nusu ya mwinamo wa kilima unachokikatiza. Kilima kikiwa asilimia 30, njia isizidi 15, ikizidi hapo maji hayakatizi njia tena, yanaifuata. Na hata njia ikishuka, kila baada ya kipande ipande kidogo ndio ishuke tena, pale chini kabla ya kupanda maji yanatoka nje. Njia yetu haina hata moja ya hayo, ilikuwa ya ng'ombe na wakata kuni, na ng'ombe hajali mmomonyoko.

Sasa huyo wa koleo amefanya nini? Mteremko ni ule ule, alichotoa ni kile kilichokuwa kinapunguza spidi. Anayeanza zamani akifika alikuwa anaona mawe, anaogopa, anashuka, anabeba. Leo anaona mchanga laini, anaachia breki, anafika kwenye ile kona ya mkaratusi na spidi ambayo hajawahi kuwa nayo maishani. Tena kwa breki za raba. Huo mchanga wenyewe hauna siku nyingi, mvua za Machi mpaka Mei zitaubeba wote mpaka kwenye kijito na kule chini watu wanachota maji.

Na wewe TairiMbili usicheke bado. Mawe yakirudi bila njia ya pembeni iliyochorwa na mtu, kila anayeogopa atajichorea yake. Angalia kushoto kwa Ngazi, nyasi zimekufa, kila mmoja anakwepa anavyojua, mwaka ujao itakuwa upana wa barabara ya magari.

Mpwani_Edinburgh

Assalam aleikum ndugu zangu. Niko Scotland miaka sasa, baridi imenizoea. Karibu na mji huu kuna msitu unaitwa Glentress, kule kila njia ina rangi yake mwanzoni, kijani rahisi, halafu bluu, halafu nyekundu, nyeusi ndio ya wenye nyoyo. Marekani nao wana alama zao, duara la kijani, mraba wa bluu, almasi nyeusi. Shirika lao la baiskeli za mlimani, IMBA, liliweka mpaka vipimo: njia ya kijani upana usipungue sentimita 90 hivi, mwinamo wa wastani usizidi asilimia 5, na kizuizi kisichokwepeka kisizidi sentimita 5. Bluu upana unashuka mpaka sentimita 60 na mwinamo wa wastani asilimia 10. Nyeusi upana unaweza kuwa 30 tu na mwinamo wa wastani mpaka 15.

Tazameni hapo, namba inayobeba yote ni mwinamo. Jiwe ni la mwisho. Ndio maana huyo wa koleo hata angeng'oa kila jiwe mpaka bondeni, mteremko wa Ngazi hauwi kijani abadan, ni nyeusi iliyovuliwa meno tu. Njia ya wanaoanza huanza na kilima, mtu anatafuta upande ulio mpole, anazungusha njia taratibu, ndio baadaye anaongeza vijiwe viwili vitatu vya kuchezea.

Whistler kule Kanada, pengine ndiyo bustani ya baiskeli inayojulikana zaidi duniani, wana A-Line, jampu juu ya jampu, na hawakuisawazisha ili mgeni apite. Wamemwekea mgeni EZ Does It, ya kijani, na B-Line ya bluu. Mtu anapanda ngazi moja moja. Na hata kwenye A-Line jampu nyingi zina juu bapa, ukiogopa kuruka unabiringika juu yake unaendelea, hufi. Kuijenga hivyo toka mwanzo na kuja kusawazisha usiku na koleo ni mambo mawili tofauti.

TairiMbili

Mpwani hizo hela za Whistler zitoke wapi, kule mtu analipa tiketi apandishwe na lifti. Sisi tuna Jembe na watu wawili.

Lakini ya mtaro nimekubali. Wazibe. Mawe hapana.

Meru_Vumbi

Wakuu habari, mimi niko Arusha, nimepita tu. Naona mnasema "njia yetu" sana. Huku kwetu njia tamu zote kwenye miteremko ya Meru ni za watu, kina mama wanateremka na ndizi kwenda sokoni, watoto wa shule, ng'ombe, maji yanapita kwenye mifereji ya mashamba. Hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya baiskeli. Kuna jamaa walileta wazo la kuweka jampu kwenye njia moja, babu mmoja akawauliza mkeo akija hapa usiku na ndoo kichwani ataruka vipi. Wazo likafa palepale.

Hiyo ya kwenu umesema ilikuwa ya ng'ombe na wakata kuni. Je bado wanapita? Mmewauliza kuhusu mawe? Isijekuwa aliyetia mchanga hata hana baiskeli, ni mtu kachoka kuteleza na mzigo.

Mzee_wa_Pancha

Meru_Vumbi umenifungua macho kwa kweli, kuna kina mama wa kuni wanapita pale asubuhi na hakuna mtu kwenye grupu aliyewahi kuwafikiria. Nitaulizia kesho.

GiaMoja_Dada

Hahaha na mlikuwa mnatafuta mwanagenzi wa kulaumu.

Jembe, hiyo ya pembeni ungeipitisha wapi? Kushoto ama kulia? Kushoto ndio fupi lakini kunashuka wima.

JembeNaSururu

Kulia. Kushoto ndio watu wanakwepa sasa na ndio kutaoza haraka, pale tuweke matawi na magogo papumzike. Kulia kilima ni kipole, njia itazunguka, itakuwa ndefu zaidi kama mara tatu ya Ngazi, na itarudi kuungana baada ya kona ya mkaratusi ili hata kona yenyewe mtu asiikute na spidi. Kina mama wa kuni pia watapita huko na mzigo bila shida.

Mwingilio wa Ngazi nauacha mgumu. Jiwe kubwa liwe la kwanza kabisa, pale juu, mahali mtu anaweza kusimama na kugeuka. Asiyeweza la kwanza anajua mapema hayo mengine si yake leo. Kule Moab, Utah, ile njia ya Slickrock wameweka kijinjia cha mazoezi karibu na mwanzo, kama kilomita 3 na nusu, na wanaokijua wanasema si rahisi kuliko njia yenyewe, ni kifupi tu. Ukishindwa pale umerudi garini hujaenda mbali.

Lakini hakuna kuchimba kabla ya kuongea na ofisi ya misitu. Ile ni ardhi ya serikali, tukikata njia mpya bila ruhusa watatufungia zote mbili.

TairiMbili

Magogo kushoto nitabeba mimi. Bango nani analipia?

GiaMoja_Dada

Ubao ninao wa kitanda kilichovunjika, rangi niletewe. Nyekundu ama nyeusi, ile ya Mpwani ya wenye nyoyo.

Na hiyo njia ya kulia ikiisha mimi ndio nitaijaribu wa kwanza, na breki zangu za raba, ikiwezekana kukiwa na unyevu. Ikinishinda mimi mnaanza upya, sitaki mtu wa diski aje aniambie iko sawa.

Mzee_wa_Pancha

Sawa. Mchanga usiguswe na mtu yeyote mpaka niongee na kina mama na mtu wa misitu, hata wewe TairiMbili najua unataka kwenda usiku. Wakikubali tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi saa moja asubuhi, pale kwa duka la chai. Majembe yako manne, sururu moja. Toroli hatuna, mwenye nayo aseme.