Mjadala: Vijenzi vya Pure Data tunavyogawana, kila jina la ndani lilazimishwe kuwa na $0?

Mleta mada

Wadau, naiweka hoja wazi ili nipingwe. Kijenzi chochote kinacholetwa kwenye maktaba ya pamoja, kikikutwa na jina la ndani lisilo na $0, kirudishwe kwa mwenyewe akakirekebishe. Bila msamaha.

Kwa anayeingia sasa hivi: Pure Data (Pd) ni programu ya kutengeneza sauti kwa kuunganisha visanduku kwa nyaya, na faili lake huitwa pachi. Ukihifadhi pachi kwa jina sauti~.pd, unaweza kuiita ndani ya pachi nyingine kwa kuandika [sauti~]; hicho ndicho kijenzi. Ukiita mara nne unapata nakala nne. Lakini majina ya [send] na [receive] (kwa kifupi [s] na [r], hutuma na kupokea bila waya), ya [table] (hifadhi ya namba), [value], [delwrite~] (bomba la kuchelewesha sauti, husomwa na [delread~]), [throw~] (hutupa sauti kwa [catch~]) na wenzao si mali ya nakala. Ni ya Pd nzima, pamoja na pachi nyingine zote zilizo wazi wakati huo. $0 ni namba ambayo Pd huipa kila nakala inapofunguliwa, na hesabu yake huanzia kwenye elfu moja. Kwa hiyo [r $0-hezi] katika nakala moja inakuwa 1004-hezi, kwa jirani 1005-hezi, na hawasikilizani.

Asiyeweka $0 anapata maradhi tofauti kulingana na kisanduku alichotumia, ndiyo maana watu hawalitambui tatizo. Kwa [r hezi], nakala zote hupokea namba ileile: ulitaka noti nne tofauti zilie pamoja, unasikia noti moja nene. Kwa [delwrite~ mwangwi 500] katika nakala mbili, dirisha la Pd linatoa onyo kwamba jina limefafanuliwa zaidi ya mara moja, halafu [delread~] zote zinachota kwenye bomba moja na la pili halina msomaji. [table wimbi] hivyohivyo. Kwa [catch~ jumla], [throw~] zote zinamwaga kwenye mojawapo na nyingine inakaa kimya kabisa, ukadhani umesahau waya.

Kipimo ni cha dakika moja. Weka nakala mbili, moja ipe hezi (mitetemo kwa sekunde) 440 na nyingine 445, zichanganye. Vijenzi vikiwa safi utasikia sauti ikipanda na kushuka mara 5 kwa sekunde. Ukisikia sauti moja iliyotulia, majina yamegongana.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, kipimo nimekipenda, ila "bila msamaha" naomba kutofautiana nayo. $0 ni namba ya kupita. Ukifunga pachi na kuifungua tena haina ahadi ya kurudi ileile. Inategemea ni vitu vingapi vimefunguliwa kabla. Sasa mtu anahifadhi mipangilio ya sauti kwenye faili la maandishi, mstari unasema 1004-hezi 440. Kesho nakala hiyo ni 1011. Mipangilio yote imekuwa yatima.

Pili, libpd. Anayepachika Pd ndani ya programu ya simu huwasiliana na pachi kwa majina: upande wa Java ni PdBase.sendFloat("hezi", 440). libpd ina njia ya kukupa $0 ya pachi kuu uliyoifungua, lakini ya nakala zilizozama ndani yake hakupi mtu. Ukifunga kila kitu kwa $0 umejenga nyumba isiyo na mlango.

Dawa ni kigezo, yaani neno unaloandika baada ya jina la kijenzi, na $1 ndilo la kwanza: [sauti~ besi], na ndani [r $1-hezi]. Jina linakuwa besi-hezi, linasomeka na binadamu, halibadiliki kesho wala keshokutwa.

Mchangiaji wa tatu

Na mtumiaji akisahau kuandika kigezo? $1 ikikosekana ndani ya jina kama $1-hezi, Pd haina cha kuweka pale, na nakala zote zilizosahauliwa zinaishia na jina moja. Tumerudi kulekule alikoanzia mleta mada, tofauti ni kwamba sasa kosa ni la mtumiaji na mtunzi amenawa mikono.

Halafu mtego mdogo: kiungo kati ya kigezo na neno si pambo. Ukiandika $10 ukidhani ni $1 ikifuatwa na sifuri, Pd inasoma kigezo cha kumi. Weka kistari: $1-0.

Mchangiaji wa nne

Mnabishana kuhusu vyumba wakati mgogoro uko kwenye kiwanja. Jina la faili lenyewe mmeliacha.

Ukihifadhi kijenzi chako kama metro.pd au delay.pd hakitafunguliwa kwa jina hilo tupu, kwa sababu visanduku vya asili vya Pd vinashinda. Hupati hata onyo. Unarekebisha faili lako siku nzima na hakuna kinachobadilika. Kwa maktaba za nyongeza zilizoandikwa kwa lugha ya C ni kubaya zaidi. [scale] iko cyclone na iko maxlib. Ya kwanza kupakiwa inalishika jina hilo mpaka uizime Pd. Ina maana pachi yako inaweza kufanya kazi vizuri asubuhi na kuharibika mchana kwa sababu tu umefungua pachi ya mwenzako kabla ya yako. Andika [cyclone/scale], mjadala umeisha.

Kwa vijenzi vya kwetu, viwekeni kwenye folda yenye jina la maktaba, mtumiaji aite [kwaya/sauti~]. Ndani ya folda hiyo faili zinaitana kwa jina fupi, maana Pd huanza kutafuta kwenye folda ya faili linaloita. Wengine hutumia kiambishi badala ya folda: maktaba ya rjlib ina e_ kwa athari za sauti, s_ kwa vitoa sauti, u_ kwa zana ndogo ndogo. Inafanya kazi, lakini herufi moja ni uzio mfupi. Mtu mwingine akianza na e_ zake mtagongana.

Mchangiaji wa tano

Ya folda sipingi. Ila rahisi kuliko yote: ziiteni kwa Kiswahili. [mwangwi~], [kichujio~], [ngoma~]. Pd haina kisanduku cha asili kinachoitwa mwangwi na haitakuwa nacho.

Mchangiaji wa nne

Ni kweli kwa visanduku vya asili. Lakini Waswahili wawili wakikaa kutengeneza kijenzi cha kurudisha sauti, wote wataandika mwangwi~.pd. Umehamisha ugomvi kutoka kwa jirani ukauleta sebuleni. Folda bado unaihitaji.

Mchangiaji wa sita

Mimi nauliza swali la nyuma zaidi: mnatumia [send] na [receive] ndani ya kijenzi kwa nini? Kijenzi kina [inlet]. Weka tundu moja la kuingilia, lipokee ujumbe wa aina "hezi 440" au "sauti 0.3", chini yake [route hezi sauti kata], kila tawi na waya wake. Hakuna jina la jumla hata moja, kwa hiyo hakuna kitakachogongana.

Na hapa [clone], iliyoingia toleo la 0.47 mwaka 2016, inafanya hoja ya majina ionekane ya kizamani. Andika [clone sauti~ 8] upate nakala 8. Ujumbe "3 hezi 440" unakwenda kwa nakala namba 3 peke yake, "all hezi 440" unakwenda kwa zote. Kila nakala ina $0 yake bila wewe kuhangaika.

Halafu hebu tazameni dawa ya mchangiaji wa pili ikikutana na [clone]. Kwa kawaida [clone] hujaza $1 kwa namba ya nakala, kuanzia 0. Vigezo vyako wewe vinaanzia $2. Kwa hiyo $1-hezi iliyokuwa besi-hezi sasa ni 0-hezi, 1-hezi, mpaka 7-hezi. Ukiweka [clone] ya pili ya kijenzi hichohicho pembeni, nayo inaanza 0-hezi. Mafungu mawili yanagongana nakala kwa nakala.

Mchangiaji wa pili

Hiyo ya [clone] nimeikubali, imenipata. Kuna bendera ya -x inayozuia namba isiingie kwenye $1, lakini ukiitumia nakala zote 8 zinapewa $1 moja, yaani ndiyo umeua kabisa. -s 100 kwenye fungu la pili inaanzisha hesabu yake kwenye 100, hiyo inaokoa, ila ni kiraka na inamtaka mtumiaji ajue kilichomo ndani.

Kuhusu nyaya tupu: [delwrite~] na [table] haziishi bila jina. Huwezi kupeleka mwangwi kwa [inlet]. Kwa hivyo $0 hujaikimbia, umeipunguza tu.

Mleta mada

Nimesoma yote, na nalegeza kamba sehemu moja.

Tutenganishe majina ya mlangoni na majina ya chumbani. Chumbani, yaani [delwrite~], [table], [value], [throw~] na kila [send] isiyotoka nje, ni $0 bila mjadala. Mlangoni, pale panapotakiwa kufikiwa na faili la mipangilio au na libpd, paruhusiwe $1, lakini pawe sehemu moja tu ya pachi na pafanye kazi moja: [r $1-hezi] ikiingia [s $0-hezi]. Mstari mmoja kwa kila kidhibiti. Anayetaka usiri kamili anaita [sauti~ $0-kwanza] kutoka kwenye pachi yake, na $0 hiyo ni ya pachi inayoita, kwa hiyo mlango unaonekana na mwenye nyumba tu. Kwenye [clone] jina la mlango litumie kigezo cha pili pamoja na namba: $2-$1-hezi, lipatikane besi-3-hezi.

Makosa mawili nitakayoendelea kuyarudisha. La kwanza ni $0 ndani ya kisanduku cha ujumbe. Pale alama ya dola inamaanisha kilichoingia kwa waya, na $0 inatoka sifuri, hivyo ujumbe wako unakwenda kwa 0-hezi ambaye hayupo. Namba ipitishe kwanza [f $0], ndipo iingie kwenye ujumbe ulioandikwa ; $1-hezi 440. La pili ni slaida na vitufe: majina yao ya kutuma na kupokea yamefichwa kwenye dirisha la sifa, watu wanasafisha visanduku vyote na kuyasahau hayo.

Kwa ukaguzi, faili la .pd ni maandishi matupu na $0 huandikwa humo \$0. Amri hii inatoa mistari yenye jina lililo uchi kwa visanduku vilivyotajwa humo:

grep -nE 'obj -?[0-9]+ -?[0-9]+ (s|r|send|receive|s~|r~|send~|receive~|throw~|catch~|delwrite~|delread~|delread4~|vd~|table|tabread~|tabread4~|value|v) [^\\]' *.pd

Slaida haizishiki, maana jina lao limekaa katikati ya mstari. Hizo ni macho.

Mchangiaji wa tatu

Angalizo kwa wanaounda na kufuta nakala wakati pachi inaendelea kupiga: Pd haifuti neno ambalo limeshawahi kuundwa. Kila nakala mpya yenye majina kumi ya $0 inaacha maneno kumi kwenye kumbukumbu hata baada ya kufutwa. Kwa nakala nane si kitu. Kwa usanikishaji wa maonyesho unaowaka wiki nzima na kuzaa nakala kila sekunde, hesabuni. Zizaeni zote mwanzoni kwa [clone] na muwashe na kuzima kwa [switch~].

Mchangiaji wa tano

Nyongeza kwa walio upande wa programu ya Max, ambayo Miller Puckette aliianzishia IRCAM, Paris, miaka ya 1980 kabla hajaandika Pd: kule ni #0 badala ya $0, na ndani ya Max for Live (Max inayofanya kazi ndani ya programu ya muziki ya Ableton Live) ni vistari vitatu, ---hezi. Ukiisahau, vifaa viwili kwenye nyimbo mbili za Live vinasikilizana. Anayehamisha kijenzi kutoka huku kwenda kule asitegemee alama itajigeuza yenyewe.

Mchangiaji wa sita

Mlango wa mleta mada naukubali kwa libpd pekee. Kwa pachi ya kawaida bado ni [send] mbili pale ambapo waya mmoja ungetosha, na anayetafuta kosa hawezi kuufuata kwa jicho. Kwenye maktaba ya pamoja napendekeza kijenzi chenye mlango kiwe na [route] pia, mtumiaji achague. Nani atakuwa wa kwanza kukirekebisha sauti~.pd hivyo tukione?

Mleta mada

Nitaweka matoleo yote mawili, kwaya/sauti~ na kwaya/sauti-mlango~. Kipimo kitakuwa kilekile cha 440 na 445, mara moja kwa nakala mbili za kawaida na mara moja kwa [clone] mbili.