Siku tano za mafunzo ya afya ya akili ya watoto wadogo na wazazi wao: tuzitumieje?

Mratibu_Pasua (Moshi)

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Ninaratibu shughuli za malezi katika kikundi kidogo cha kijamii hapa Moshi, upande wa Pasua, na nina swali ambalo limeninyima usingizi tangu tulipoahidiwa fedha za mafunzo ya siku tano. Washiriki watakuwa 24: wauguzi wa kliniki ya baba, mama na mtoto, walimu wa madarasa ya awali, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na maofisa ustawi wa jamii wawili. Tunataka waweze kutambua mapema shida za afya ya akili kwa watoto wa chini ya miaka minane na kwa wazazi wao, na kutoa msaada wa mwanzo kabla mambo hayajaharibika.

Rasimu ya ratiba niliyoletewa na mwezeshaji ni mihadhara mitupu. Siku ya kwanza ni maana ya afya ya akili, ya pili ni aina za magonjwa, ya tatu usonji (autism) na ulemavu wa akili, ya nne sera na sheria, na ya tano imeandikwa "mengineyo". Mwaka juzi nilihudhuria mafunzo ya namna hiyo katika ukumbi mmoja mjini, nikatoka na begi, daftari na cheti. Wiki iliyofuata nilimtembelea mama aliyempakata mwanawe wa miezi saba kwa karibu saa nzima bila kumtazama usoni hata mara moja, na mtoto naye alikuwa ameacha kumtafuta. Niliona kwamba kuna jambo, lakini sikujua niseme nini. Nikaishia kumhimiza kuhusu lishe.

Ninaomba mnisaidie katika mambo matatu. Je, siku tano zinatosha? Je, ni busara kuwaweka wauguzi, walimu na wahudumu wa jamii katika chumba kimoja? Na la tatu, ambalo ndilo ninaloliogopa zaidi: tutawazuiaje wasirudi mitaani wakaanza kuwabandika watoto wa watu majina ya magonjwa?

Mkunga_Ngarenaro (Arusha)

Marahaba, mwanangu. Nimekuwa muuguzi mkunga kwa miaka ishirini na miwili, na nitaanza na suala la siku kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi. Siku tano zinatosha, na hata mbili zingetosha, ikiwa kuna kitu kinachofuata baada yake. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Atif Rahman na wenzake katika vijiji vya Pakistani, ambako wahudumu wa afya wa jamii, wanawake ambao wengi wao walikuwa na elimu ya sekondari tu, walifundishwa kwa siku mbili namna ya kuzungumza na wajawazito wenye sonona (huzuni nzito isiyoisha) na kuendelea nao baada ya kujifungua. Walishiriki akina mama 903. Watoto walipofika miezi sita, akina mama waliokuwa bado na sonona walikuwa asilimia 23 katika kundi lililopata mazungumzo hayo, na asilimia 53 katika kundi lililotembelewa kwa idadi ileile ya mara, lakini bila mbinu hiyo. Siri haikuwa katika zile siku mbili. Wahudumu wale walikuwa wakikutana na msimamizi kila mwezi, wakaeleza walipokwama, wakarekebishwa, wakarudi kazini.

Kwa hiyo, kama fedha ni za siku tano, ningezigawa hivi: siku tatu mfululizo mwanzoni, kisha zile mbili zilizobaki nizikate ziwe mikutano minne ya nusu siku, mmoja kila mwezi. Mfadhili akiuliza mbona mafunzo hayaishi, mwambie hilo ndilo kusudi.

Kuhusu tutakachowafundisha wauguzi, mimi ningeanza na kadi ya kliniki. Mtoto wa hapa kwetu huletwa kwa chanjo anapozaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9 na mwezi wa 18. Mama tunaye mbele yetu mara zote hizo, na mara zote macho yetu yako kwenye mzani. Ukimuuliza moja kwa moja kama ana msongo wa mawazo, atakujibu kwamba yuko salama, kwa kuwa foleni ni ndefu nyuma yake na jirani yake anasikia. Muulize badala yake: "Mtoto akilala, na wewe usingizi unakuja?" Aliyechoka kwa kawaida atacheka na kusema angelala hata amesimama. Yule anayekaa macho akiwaza huku mtoto amelala fofofo, huyo ndiye wa kumvuta pembeni umalize naye dakika kumi.

Lipo jambo jingine ambalo sijaliona katika ratiba yoyote ya mafunzo, nalo ni kubemenda. Mtoto akidhoofu, akawa mnyonge na kukosa uchangamfu, watu husema amebemendwa, yaani wazazi hawakujizuia kukutana kimwili wakati wa kunyonyesha. Mama wa namna hiyo anafika kliniki akiwa amekwisha kuhukumiwa na mama mkwe, na majirani, na pengine na mumewe ambaye ndiye anayetuhumiwa kutoka nje. Wauguzi wengine humcheka, na wengine (niseme ukweli) wanaamini hivyo hivyo. Kwa vyovyote vile, hatasema lolote la moyoni. Tengeni saa nzima wauguzi wajadili wao wenyewe wanaamini nini, kabla ya kuwafundisha namna ya kumsikiliza mtu mwingine.

Na msiwasifie watu mila kupita kiasi. Ni kweli kwamba mama wa Kichaga aliyejifungua alikaa ndani miezi mitatu akinyweshwa mtori (supu ya ndizi), na leo binti aliyepanga chumba kimoja Pasua anarudi gengeni wiki ya tatu. Lakini nimewahudumia wengi ambao mleta mtori ndiye aliyekuwa akiwaliza.

Mwalimu_Awali_Sakina (Arusha)

Ninaunga mkono aliyosema mkunga, nami nitaongeza la darasani. Nina watoto sabini na wawili katika darasa la awali. Mtoto anayepiga wenzake ninamjua kwa jina tangu siku ya kwanza. Yule anayekaa kimya ukutani kuanzia Januari hadi Juni ninaweza nisimwone kabisa, na huenda yeye ndiye mwenye mzigo mkubwa zaidi. Wafundisheni walimu kumwona huyo wa ukutani.

Kuhusu majina ya magonjwa, njia iliyotusaidia sisi ni kukataza kabisa maneno ya hukumu katika daftari la mwalimu. Haruhusiwi kuandika "mtukutu", "mzito" wala "ana usonji". Anaandika alichokiona, saa ngapi, na kilichotangulia: "Aliondoka mkekani mara nne kabla ya uji, baada ya uji alikaa hadi mwisho wa hadithi." Ukisoma hivyo kwa wiki mbili, unaweza kugundua kwamba mtoto anakuja shuleni bila kula. Mwaka jana tulikuwa na mtoto ambaye kila mtu alimwita mkaidi, kwa sababu haitikii akiitwa. Alikuwa akitokwa usaha masikioni tangu utotoni. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia akili, masikio na macho yapimwe, na mafunzo yaseme hivyo waziwazi.

Mnao pia jirani wa kumwomba msaada. Chuo cha Ualimu Patandi, hapa Tengeru, kinaandaa walimu wa elimu maalumu, na mwezeshaji mmoja kutoka kwa watu wa fani hiyo angewafaa kuliko slaidi arobaini.

Mshauri_Nasaha (Moshi)

Nimesoma yote kwa makini. Ninakubaliana na mkunga kuhusu usimamizi, ila tunatofautiana kidogo kuhusu mahali pa kuanzia. Yeye ameanza na swali kwa mama. Mimi ningeanza na jicho. Mratibu aliona mambo mawili muhimu sana katika ile ziara: mama hamtazami mtoto, na mtoto ameacha kumtafuta mama. Hilo la pili ni zito kuliko la kwanza, na mtu asiyefundishwa kutazama atalipita akidhani ni mtoto mtulivu.

Elimu hii ya kuwatazama mama na mtoto kwa pamoja ina mizizi hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwafuata akina mama 26 na watoto wao wachanga katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwatembelea nyumbani tena na tena kwa miezi kadhaa, akiandika jinsi mtoto anavyolia mama akitoka, anavyomfuata, na anavyotulia akirudi. Mengi yanayofundishwa leo kuhusu uhusiano wa mtoto na mlezi wake yalianzia katika madaftari yale. Siku yenu ya kwanza na iwe hivyo: washiriki waende wawili wawili katika nyumba zilizoridhia, wakae saa moja, wasishauri chochote, warudi waeleze walichokiona. Utashangaa jinsi inavyowawia vigumu kutoshauri.

Zoezi jingine ni igizo dhima la dakika mbili. Mshiriki mmoja anamsimulia mwenzake habari njema ya kweli, na mwenzake anaagizwa abaki na uso mkavu, asitikise kichwa, asiguse, asijibu. Kabla dakika ya kwanza haijaisha, msimulizi huanza kupoteza maneno. Hapo ndipo unapowaeleza majaribio aliyoyafanya mwanasaikolojia Edward Tronick huko Marekani miaka ya 1970 kwa watoto wachanga ambao mama zao waliambiwa wakaushe nyuso, na jinsi watoto wale walivyohangaika kuwarudisha, kisha wakageuza macho pembeni. Muuguzi aliyelipitia zoezi hilo hatahitaji ufafanuzi mrefu wa sonona ya mama inamfanya nini mtoto.

Kama mfadhili ana shaka kwamba watu wasio wataalamu wanaweza kazi hii, mwonyesheni utafiti uliofanyika hapa Moshi na kule Bungoma, Kenya, uliochapishwa mwaka 2020. Watoto 640 wa umri wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi na wenye dalili za kiwewe, walishirikishwa, na nusu yao walipata tiba ya vikao 12 vya vikundi iliyotolewa na washauri wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Lakini someni hadi mwisho. Baada ya mwaka mmoja, nafuu ya waliopata tiba ilibaki juu kuliko ya wenzao upande wa Kenya, ilhali kwa watoto wa Tanzania makundi mawili yalikuwa yamelingana. Maoni yangu ni kwamba huduma ya kawaida ambayo watoto wetu walikuwa wakiipata haikuwa bure, na ndiyo sababu ninasisitiza mafunzo yaimarishe yaliyopo badala ya kuleta kitu kigeni juu yake.

Kuhusu kuwachanganya: asubuhi wakae pamoja, mchana watengane kwa fani. Wakichanganyika siku nzima, wahudumu wa jamii watanyamaza mbele ya wauguzi. Na kabla ya kutoa cheti, kila mmoja aigize mazungumzo na mama mbele ya mtazamaji mwenye orodha, hasa ya mambo yenye madhara, kama vile kumkatiza, kumlaumu, au kumwahidi asichoweza. Jukwaa la EQUIP, lililozinduliwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF mwaka 2022, lina vipimo vya namna hiyo.

Afisa_Ustawi_Meru (Arusha)

Nitakuwa mfupi, maana nipo safarini. Kutambua shida bila kuwa na pa kuipeleka ni kumwongezea mama mzigo. Kabla ya siku ya kwanza, mratibu aandike karatasi moja yenye huduma zinazofikika kweli: nani wa kuonana naye hospitali ya Mawenzi, nani hospitali ya KCMC, siku gani, kwa gharama gani, na nauli ya kwenda na kurudi. Namba 116, ambayo ni simu ya huduma kwa mtoto, iwe juu kabisa.

Pili, wafundisheni wasiahidi siri wasiyoweza kuitunza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Mama aambiwe hivyo mwanzoni, kwa upole, asije akajikuta amesalitiwa baadaye.

Tatu, mmemsahau dada wa kazi. Katika nyumba nyingi za mjini yeye ndiye anayeshinda na mtoto kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na mara nyingi yeye mwenyewe ni mtoto wa mtu, yuko mbali na kwao.

Mratibu_Pasua (Moshi)

Ninawashukuru sana. Nimeandika ratiba upya usiku huu. Siku ya kwanza ni ziara za kutazama na igizo la uso mkavu. Ya pili ni mazungumzo na mama, likiwemo suala la kubemenda. Ya tatu ni daftari la mwalimu, karatasi ya rufaa na majaribio mbele ya mtazamaji. Kisha mikutano minne ya nusu siku. Muhadhara wa aina za magonjwa nimeupunguza ukawa saa moja na nusu, na mwezeshaji hajafurahi. Dada wa kazi bado sijui nimwalike vipi bila kumgombanisha na mwajiri wake. Huenda tukaanza na zile nyumba zitakazoridhia kutembelewa.

Kilichobaki ni msimamizi wa mikutano ya kila mwezi. Mshauri, wewe uko hapa hapa Moshi. Je, unaweza kutupa nusu siku, Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi? Fedha iliyopo ni ya nauli na chakula cha mchana tu.

Mshauri_Nasaha (Moshi)

Ijumaa ya kwanza nina wagonjwa hadi jioni. Ya pili ninaweza, kuanzia saa mbili na nusu hadi saa sita na nusu. Waambie kila mmoja aje na mama mmoja ambaye hakujua amwambie nini, bila kutaja jina lake.